Namna ya Kusoma Karatasi Binafsi za Mkutubi wa Kusini mwa Marekani Aliyejitolea Wakati wa Vita

Kila muhula maswali ni yale yale. Nianzie sanduku gani? Mbona barua nyingi hazina mwaka? Huyu anayetajwa kwa jina moja tu ni nani? Na je, mtu aliye Dodoma au Eldoret anaweza kuifanya kazi hii bila kupanda ndege? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe, na umekusudiwa kwa mwanafunzi au mtafiti anayekutana kwa mara ya kwanza na mkusanyo wa karatasi za mwanamke aliyekuwa mkutubi katika majimbo ya Kusini mwa Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ambaye pia alijitolea katika mojawapo ya vita vikuu viwili vya dunia.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Mwenye karatasi hizi alikuwa mtaalamu wa kupanga. Mtu aliyeshinda akipanga vitabu vya mji mzima hakuziacha karatasi zake ovyo: alizichagua, akaziandikia maelezo mgongoni, na zile ambazo hakutaka zisomwe yamkini alizitoa. Kwa hiyo usikimbilie barua tamu za askari. Anza na namna karatasi zilivyowekwa, kisha ndipo usome zilichosema.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tayarisha vitu hivi mapema, maana kuvitafuta katikati ya kazi kunapoteza siku nzima:

- Orodha ya mkusanyo, yaani maelezo ambayo taasisi huyatoa kuhusu yaliyomo katika kila sanduku na kila kabrasha. Mara nyingi inapatikana bure kwenye tovuti ya taasisi.
- Kalenda za miaka ya 1917 hadi 1920 na 1940 hadi 1946, zenye siku za juma.
- Ramani ya majimbo ya Kusini inayoonyesha kambi za kijeshi za kipindi unachokisoma.
- Jedwali la majina lenye safu nne: jina kama lilivyoandikwa, jina kamili, uhusiano, na mahali ulipolikuta.
- Penseli, kompyuta au simu yenye kamera, na pasi au kitambulisho kingine ikiwa utafika mwenyewe.
- Akaunti ya bure ya FamilySearch kwa ajili ya sensa, pamoja na anwani za Chronicling America, ambako magazeti ya zamani ya Marekani yanasomwa bure, na HathiTrust, yenye majarida ya ukutubi ya wakati huo.

Waliozoea utaratibu wa vibali vya COSTECH nchini Tanzania au NACOSTI nchini Kenya huuliza kama kuna kibali cha namna hiyo upande wa pili. Kwa kawaida vyumba vya kusomea vya vyuo vikuu vya Marekani haviombi kibali cha serikali. Mtafiti hujiandikisha tu na kukubali masharti yao.

Hatua ya 1: Tafuta mkusanyo ulipo

Anza na taasisi zinazokusanya karatasi za Kusini. Southern Historical Collection, iliyoanzishwa mwaka 1930, iko Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill. Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham, kina Sallie Bingham Center inayohusika na historia ya wanawake. Chuo Kikuu cha North Carolina cha Greensboro kina mkusanyo mkubwa wa wanawake waliohudumu wakati wa vita, na Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, ndiko ilikohamia shule ya ukutubi iliyofunguliwa mjini humo mwaka 1905 na kuwafunza wakutubi wengi wa Kusini. Usidhani mkutubi wa Kusini lazima awe mzungu. Hampton, Virginia, palikuwa na shule ya ukutubi ya watu weusi tangu 1925 hadi 1939, na maktaba ya utafiti ya Auburn Avenue mjini Atlanta ni mahali pa kwanza pa kuuliza kuhusu wakutubi weusi wa mji huo.

Kosa la kawaida: kutafuta kwa jina la mwanamke peke yake. Karatasi zake zinaweza kuwa ndani ya mkusanyo wa familia unaobeba jina la baba, kaka au mume. Tafuta pia kwa jina la mji, jina la maktaba na neno la Msalaba Mwekundu. Na usimtupe mtu kwa sababu jina lake linasikika la kiume: Tommie Dora Barker, aliyeongoza Maktaba ya Carnegie ya Atlanta kuanzia 1915 hadi 1930, alikuwa mwanamke.

Hatua ya 2: Soma orodha yote kabla ya kuagiza chochote

Isome hadi mwisho, hata sehemu zinazochosha. Tafuta mambo manne: nani alizitoa karatasi na mwaka gani, kama mpangilio ni wa mwenyewe au umewekwa na watunza nyaraka, makabrasha gani yamefungwa, na ukubwa wa mkusanyo. Ukubwa huandikwa kwa futi za rafu, na futi moja ni takriban sentimita 30 za karatasi zilizosimamishwa. Sanduku la kawaida la kijivu lina upana wa sentimita 13 hivi. Mkusanyo wa futi moja na nusu ni masanduku matatu au manne, na hakuna sababu ya kuogopa.

Aliyezitoa ana uzito kuliko wanafunzi wengi wanavyofikiri. Mkutubi aliyekufa bila kuolewa mara nyingi karatasi zake hupitia mikononi mwa mpwa, na mpwa huyo huweza kubakiza vyeti na picha nzuri akatupa stakabadhi na daftari za hesabu. Ukiona mkusanyo usio na hata karatasi moja ya fedha, jiulize nani alipita kabla yako.

Hatua ya 3: Andika ombi linalojibika

Ukiwa mbali, utafanya kazi kwa barua pepe. Taja jina na namba ya mkusanyo, namba ya sanduku na ya kabrasha, miaka unayoitaka, na kusudi lako kwa sentensi mbili. Uliza gharama ya kuskani kwa ukurasa na kikomo cha kurasa ambazo hutolewa bure, maana taasisi hutofautiana. Ombi la kutumiwa kila kitu kinachohusu vita halijibiki, kwani mtunza nyaraka hawezi kusoma mkusanyo kwa niaba yako. Omba kabrasha moja zima badala ya barua tano zilizochaguliwa kutoka makabrasha matano. Gharama haitapishana sana, nawe utaona jirani za kila barua.

Ukienda mwenyewe, omba masanduku siku kadhaa kabla, kwa sababu baadhi huhifadhiwa katika maghala ya nje ya jengo.

Hatua ya 4: Kaa vizuri katika chumba cha kusomea

Sanduku moja mezani, kabrasha moja wazi, na karatasi zibaki katika mfuatano uliozikuta. Kalamu ya wino hairuhusiwi. Mikono safi na mikavu inatosha kwa karatasi. Glavu hutumika zaidi kwa picha. Usiondoe pini wala klipu iliyoshika kutu: mwite mhudumu.

Kabla ya kupiga picha ya karatasi ya kwanza, piga picha ya lebo ya sanduku, kisha lebo ya kabrasha. Fanya hivyo kila unapofungua kabrasha jipya, na upige upande wa nyuma wa kila karatasi hata kama unaonekana mtupu. Picha mia tatu za barua zisizo na lebo hazina thamani katika tasnifu, kwa sababu hutaweza kuonyesha zilitoka wapi.

Hatua ya 5: Soma mpangilio kabla ya maneno

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoutofautisha mkusanyo wa mkutubi na ule wa mwalimu au muuguzi.

Kwanza, jifunze miandiko yake miwili. Shule za ukutubi za wakati ule zilifundisha mwandiko maalumu wa kadi za katalogi: wima, wa mviringo, herufi zikiwa zimeachana, ili kadi iliyoandikwa na mmoja isomwe na wote. Barua kwa mama yake huenda zimeandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha, unaolala na wenye haraka. Ukikuta maelezo ya penseli juu ya bahasha kwa mwandiko ule wa wima, hapo aliirudia barua kama mtunzaji, pengine miaka mingi baada ya kuipokea. Maelezo hayo ni ushahidi wa uzeeni kuhusu ujana, na lazima uyaandike kwenye daftari lako kama tabaka la pili, usiyachanganye na barua yenyewe.

Pili, tazama kadi. Kadi za katalogi zilikuwa na kipimo cha sentimita 7.5 kwa 12.5, na kitundu chini katikati ambamo ufito wa droo ulipita. Zilizoharibika hazikutupwa. Utazikuta zimegeuzwa kuwa orodha za watu wa kuandikiwa, hesabu za vitabu vilivyofungwa kwenye makasha, hata shajara fupi. Geuza kila kadi: upande uliochapwa unaweza kukuonyesha kitabu kilichoondolewa maktabani, na wakati mwingine ndicho kiliingia katika kasha la kambi.

Tatu, andika mapengo. Chora mstari wa miezi na uweke alama kwa kila barua. Mwezi mtupu una sababu. Pengo la Oktoba 1918 linaweza kuwa ni homa ya mafua iliyofunga maktaba nyingi za miji. Pengo la wakati mwingine linaweza kuwa safari, ugonjwa, au mkono wa mtu aliyechoma barua.

Hatua ya 6: Weka tarehe

Onyo la kwanza ni kwa sisi tunaoandika siku kabla ya mwezi: Wamarekani huanza na mwezi. 3/4/18 ni tarehe 4 Machi 1918, si tarehe 3 Aprili. Kosa hili limeshaharibu majedwali mengi mazuri.

Barua isiyo na mwaka si barua isiyo na tarehe. Chukua mfano wa barua iliyoandikwa juu "Jumatano, 13", na unajua kwa mambo mengine kwamba ni ya 1918. Mwaka huo tarehe 13 iliangukia Jumatano mara tatu tu: Februari, Machi na Novemba. Mwandishi akisema mji haujalala tangu juzi, ni Novemba, kwa sababu vita vilisimama Jumatatu tarehe 11. Akilalamika kwamba askari wanahitaji vitabu vya hesabu na lugha ya Kifaransa kabla hawajasafiri, rudi Februari au Machi.

Kwa Vita Kuu ya Pili, umbo la barua husaidia. Kuanzia Juni 1942 barua nyingi za ng'ambo ziliandikwa kwenye fomu maalumu, zikapigwa picha kwenye filamu ndogo, kisha zikachapwa upya kwa kipimo cha takriban sentimita 10 kwa 13. Ukiikuta barua ya namna hiyo, haiwezi kuwa ya kabla ya mwezi huo. Mahali alipo askari pamefichwa, lakini namba ya posta ya jeshi iliyo juu ya anwani inaweza kulinganishwa na orodha zilizochapishwa baada ya vita, mradi ukumbuke kwamba namba ilihama pamoja na kikosi.

Shajara za miaka mitano zina mtego wake. Ukurasa mmoja ni wa tarehe moja, nao umegawanywa sehemu tano, kila mwaka sehemu yake. Ukiusoma kutoka juu hadi chini kama ukurasa wa kawaida, utaruka kutoka 1940 hadi 1944 bila kujua. Nakili sehemu za mwaka mmoja kwa mfululizo, ukifunua ukurasa baada ya ukurasa. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 7: Tambua watu

Mwanamke aliyeolewa mara nyingi huandikwa kwa jina lote la mumewe, kwa hiyo mwenyekiti wa kamati ya Msalaba Mwekundu anaweza kukaa katika jedwali lako kwa wiki kadhaa akiwa hana jina la kwanza. Sensa za 1920, 1930, 1940 na 1950 zimefunguliwa. Tafuta mume, mke utamkuta mstari wa pili. Safu ya kazi katika sensa hiyo hiyo itakuonyesha pia kama mkutubi wako alihesabiwa kuwa mkutubi au alijazwa kuwa hana kazi.

Sasa onyo la pili kwa msomaji wetu. Sisi humwita mama yeyote mtu mzima shangazi kwa heshima, na ni rahisi kulisoma neno hilo hivyo katika barua za Kusini. Wazungu wa huko walilitumia pia kwa wanawake weusi wazee, hasa watumishi wa nyumbani, ili wasilazimike kuwaita Bibi fulani. Kwa hiyo shangazi aliyetajwa kwa jina la kwanza tu, asiye na jina la ukoo, asiingizwe katika mti wa familia mpaka umhakikishe kwingine. Anaweza kuwa mpishi aliyeishi katika nyumba hiyo miaka thelathini.

Hatua ya 8: Tenganisha ajira na kujitolea

Neno la kujitolea limebeba mambo mengi, nawe unatakiwa uyapange. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Chama cha Maktaba cha Marekani kiliendesha Huduma ya Maktaba Vitani kuanzia 1917 hadi 1920, chini ya Herbert Putnam, mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Maktaba 36 za kambi zilijengwa kwa fedha za shirika la Carnegie, na vitabu na majarida kati ya milioni 7 na 10 vikasambazwa. Mwanzoni wanawake hawakuruhusiwa kuziongoza maktaba hizo. Blanche Galloway alikuwa wa kwanza, mwaka 1918, katika kambi ya wanamaji ya Pelham Bay, New York. Kwa hiyo mkutubi wa Macon (Georgia) au Columbia (South Carolina) ambaye karatasi zake zinataja kambi za jirani, Camp Wheeler au Camp Jackson, usimwite mkuu wa maktaba ya kambi bila cheti. Uwezekano mkubwa ni kwamba alipokea vitabu kwenye kaunta ya maktaba ya mji, akavichambua na kuvipeleka kambini, na jioni akakunja bandeji na wanawake wenzake wa Msalaba Mwekundu.

Katika vita vya pili kulikuwa na Kampeni ya Vitabu vya Ushindi, 1942 hadi 1943, iliyokusanya takriban vitabu milioni 18. Vingi vilikuwa vibovu au havifai, na kazi ya kuvichambua iliwaangukia wakutubi. Daftari za uchambuzi huo, zikiwamo safu za vilivyokataliwa, kwangu zina thamani kuliko hotuba zote za uzinduzi. Kuanzia 1943 wanajeshi walianza kuchapiwa vitabu vyao vidogo vya mfukoni, na kampeni ikaisha.

Kwa kila shughuli andika: alilipwa au hakulipwa, na nani, kwa saa zipi. Vyeti vya saa za kujitolea, beji, stakabadhi za sare na barua za likizo kutoka bodi ya maktaba ndivyo vitakavyokujibu. Upande wa Chama cha Maktaba cha Marekani, kumbukumbu zake ziko Chuo Kikuu cha Illinois mjini Urbana-Champaign.

Hatua ya 9: Uliza nani hakuruhusiwa kuingia

Maktaba za umma za Kusini zilitenganisha watu kwa rangi, na barua za mkutubi mzungu zinaweza kupita miaka ishirini bila kulitaja jambo hilo, kwa kuwa kwake lilikuwa la kawaida. Tafuta tarehe za mji wenyewe. Maktaba ya Carnegie ya Atlanta ilifunguliwa 1902, na W. E. B. Du Bois, msomi mweusi na mtetezi wa haki za watu weusi, akaongoza ujumbe kupinga watu weusi kuzuiwa; tawi lao lilifunguliwa 1921, na jengo kuu halikuwafungulia milango hadi 1959. Ukiwa na tarehe kama hizi, sentensi isemayo vitabu vimekusanywa "kutoka kwa mji mzima" utaisoma kwa macho mengine.

Hatua ya 10: Hakimiliki na marejeo

Kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki. Kwa maandishi ambayo hayajachapishwa, sheria ya Marekani hulinda haki ya mwandishi kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Tarehe ya kifo isipojulikana, ni miaka 120 tangu yaandikwe. Barua za askari zilizo katika sanduku la mkutubi ni haki ya askari na warithi wao. Kunukuu sentensi chache katika tasnifu kwa kawaida hakuna tatizo, ila kuchapisha barua nzima ni jambo la kuuliza kwanza. Katika marejeo andika kitu chenyewe, tarehe, sanduku, kabrasha, jina la mkusanyo, taasisi na mji.

Ukikwama

Mwandiko hausomeki. Usikazane na neno moja. Nakili ukurasa mzima ukiacha nafasi, kisha tengeneza kielelezo cha herufi zake kutoka katika maneno unayoyajua, kama tarehe na majina ya miji. Angalia pia kama ukurasa umeandikwa mara mbili, mistari ya pili ikiikata ya kwanza. Geuza picha nyuzi 90.

Huoni rekodi yake ya kijeshi. Huenda haikuwapo kamwe, kwani mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu au wa maktaba hakuwa mwanajeshi. Kama ni askari anayetajwa katika barua ndiye unayemtafuta, kumbuka kwamba moto wa Julai 1973 mjini St. Louis uliteketeza takriban asilimia 80 ya majalada ya wanajeshi wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Rudi kwenye magazeti ya mji wake.

Picha hazina majina. Linganisha sare na beji, kisha tafuta picha hiyo hiyo katika gazeti la wiki ile. Usiandike jina kwa kukisia sura.

Kabrasha limefungwa. Uliza litafunguliwa mwaka gani na kama zuio linahusu karatasi zote au chache tu. Mara nyingine watunza nyaraka wanaweza kuzitoa zisizohusika wakakupa zilizobaki.

Taasisi haijibu. Subiri wiki mbili, kisha tuma tena ukiambatisha ombi la kwanza, na uelekeze kwa anwani ya chumba cha kusomea badala ya mtu mmoja. Kama muda wako ni mfupi, omba jina la mtafiti wa kulipwa aliye karibu. Taasisi nyingi huwa na orodha yao, na mtu wa namna hiyo, akipewa namba sahihi za masanduku, anaweza kukupigia picha kabrasha zima kwa siku moja.